Mwalimu Mkuu Asiye na Watani

Itetemia, Tabora
21 Januari 2024

Shangazi yangu Gaudensia,

Shikamoo. Tangu ufanywe Mwalimu Mkuu sijapata nafasi ya kukuamkia, kwa hiyo hii ihesabu kuwa ni shikamoo ya kupigia magoti. Huku bwenini tu wazima, isipokuwa kikohozi kinachohama kitanda kwa kitanda kama matroni anapokagua mashuka. Baba alipita juzi akitoka Ulyankulu, akaniachia karanga na salamu za Bibi. Bibi goti linamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Anauliza kama huko Igunga kuna mtu wa kukupikia ugali wa muhogo, au unakula wa mahindi na kuvumilia.

Kidato cha tatu kigumu. Darasani ni Kiingereza tupu, hata ukikanyagwa mguu ulie kwa Kiingereza. Kichwani naelewa, kwenye karatasi naandika, mdomoni ndiyo hakuna kitu. Lakini wewe ndiye uliyenilea tangu darasa la kwanza, unanijua. Ulikuwa unanituma dukani narudi bila chumvi, eti dukani kulikuwa na watu.

Ukinijibu mpe Raymundi, yule kondakta wa basi la Igunga. Simu kwetu wanafunzi ni marufuku, na ukipiga ya matroni, matroni hasogei hata hatua moja mpaka umalize.

Walimu wako wakoje? Wanakupenda?

Mwanao,
Esperansi


Igunga
4 Februari 2024

Mwanangu Esperansi,

Marahaba, na magoti yako nimeyapokea, inuka sasa. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya Raymundi, inanukia mafuta ya nywele. Mwambie Bibi nakula wa mahindi na navumilia. Mvua huku ni nyingi, mbuga yote imekuwa maji, watoto wanafika shuleni wameshika viatu mkononi.

Umeuliza kama walimu wananipenda. Swali la mtoto, lakini nimelala nalo siku tatu.

Nina walimu wanane. Kati yao yuko Mwalimu Lugembe wa darasa la pili, Mnyamwezi, mtu mzima mpole. Yuko Mwalimu Najiat, Mzaramo wa Kisarawe, msichana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wiki yangu ya pili hapa Lugembe alirudi kazini kutoka kumzika mama yake. Hata kiti hakijapata joto, Najiat akamwambia maneno mbele yetu sote. Siwezi kuyaandika. Nilimwona Lugembe ameinamia meza, mabega yanatetemeka. Alipoinua uso akamjibu Najiat neno la kwake, baya vilevile.

Nilisimama palepale. Nikasema kuanzia leo kudhalilishana ni marufuku katika ofisi hii, na wote wawili nikawataka wajieleze kwa maandishi. Wakaandika. Nimeweka kabatini.

Tangu siku hiyo ofisi imetulia. Imetulia mno. Nasikia sauti zao nikiwa bado uwanjani, nikigusa mlango zinakatika. "Sawa, Mwalimu Mkuu." "Hamna shida, Mwalimu Mkuu." Shule isiyo na shida, Esperansi, umeiona wapi?

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana katika watu wote niliowahi kukaa nao hakuna anayejua kunyamaza kama wewe. Mtu aliyenyamaza anataka nini? Nimejiwekea mpaka. Tukifika kufunga shule mwisho wa Mei na hakuna mwalimu hata mmoja aliyesimama mbele yangu akaniambia ukweli wa jambo lolote, nitaomba nivuliwe ukuu nirudi kushika chaki. Usimwambie baba yako.

Shangazi yako,
Gaudensia


Itetemia
18 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kikohozi kimefika kitandani kwangu, lakini si kibaya. Baba sijamwambia. Maua na Ngollo, wenzangu wa chumba kimoja, wanakusalimia ingawa hawakujui. Maua ni wa Pwani, Ngollo ni wa Ntalikwa hapa hapa. Wanagombana tangu alfajiri mpaka taa zizimwe.

Swali lako limenitisha kidogo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho, huwa wananiambia tu "ongea, wewe". Nitajaribu.

Mimi nikinyamaza si kwamba sina neno. Neno ninalo. Linakuja mpaka nyuma ya meno, linachungulia nani amekaa pale nje, halafu linarudi. Na likirudi mara nyingi linazoea, inakuwa kama halikuwahi kuwepo. Watu wanadhani mkimya anaficha. Mimi sifichi, napima. Napima nikikosea itakuwaje. Mwalimu wa Kiingereza mwaka jana nilipokosea alicheka, hakuwa mbaya, alicheka tu. Mwaka mzima sikufungua tena mdomo kwenye kipindi chake.

Lakini yuko mwalimu wa Jiografia. Huyu akiuliza swali anatupa mgongo na kuanza kufuta ubao. Anaufuta polepole, hata mahali palipo safi. Basi unaweza kusema kitu bila mtu kukutazama usoni. Akisikia kosa anasema "ehee, na mwingine?" Mimi nimeshajibu mara mbili kwake. Mara mbili, Shangazi!

Sasa kuhusu Mwalimu Najiat na Mwalimu Lugembe, mimi nafikiri

(Hapo nimefuta. Samahani kwa uchafu, karatasi yangu ni ya mwisho.)

Jitunze na mvua.

Esperansi


Igunga
10 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole na kikohozi, kunywa maji ya moto na uache karanga kidogo. Huku ndugu zetu Waislamu wanajiandaa na mfungo, na mimi kama Mkristo nimo kwenye Kwaresima, kwa hiyo ofisi yangu sasa ni kimya na njaa pamoja.

Nimejaribu ya mwalimu wako wa Jiografia. Sina ubao wa kufuta, basi saa ya chai nikawa naosha vikombe mwenyewe, nimewapa mgongo, nikauliza huku na huku kuhusu mitihani ya majaribio. Nimeosha vikombe vyote. Nimeosha na birika. Sikupata neno. Mwisho Najiat akasema kwa adabu, "Mwalimu Mkuu, hivyo vilikuwa vimeshaoshwa." Hilo ndilo jambo la kweli pekee nimeambiwa tangu Januari na silihesabu.

Na vituko haviishi. Lugembe nimemkuta amebananisha madawati ya watoto wote upande mmoja wa darasa, kama mbuzi zizini, nusu ya chumba iko wazi. Nikamwuliza ni utaratibu gani huo. "Sawa, Mwalimu Mkuu," na saa hiyohiyo akayarudisha. Kesho yake nakuta watoto wako nje kwenye matope wanahesabu kokoto. "Hesabu za vitendo, Mwalimu Mkuu." Mtu anajibu vizuri lakini hanitazami. Nafikiri ni kisirani cha ile barua ya kujieleza.

Halafu wewe. Ile mistari yako nimeiweka kwenye mwanga wa dirisha. Hukufuta, mwanangu, ulichimba. Nimeona herufi moja tu, na sijui ni ya neno gani. Ulitaka kusema nini? Na wewe umeanza "hamna shida, Shangazi"?

Gaudensia


Itetemia
7 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu na sina kisingizio. Pasaka tumekula wali na nyama, Bibi amenitumia kitenge, siugui. Barua yako imekaa chini ya godoro karibu mwezi. Nilikuwa naitoa, nasoma ule mstari wa mwisho, nairudisha.

Nilikuwa nakuogopa. Basi, nimeandika. Si kwamba utanipiga, hujawahi. Naogopa ukinijibu kwa sauti ile ya chini, ile ya "haya". Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Mimi ni nani nikuambie umekosea?

Shangazi, nadhani umekosea.

Mwezi wa kwanza Ngollo alifiwa na mjomba wake. Matroni hakumruhusu kwenda, siku zilikuwa za mitihani. Siku mbili hakula. Sisi wote tulikuwa tunatembea kwa vidole, tunampa pole, mimi nilimkunjia nguo. Maua akaingia, akajilaza kitandani kwa Ngollo chali kama maiti, akasema, "Sitoki hapa mpaka nilipwe. Mjomba wako kaondoka na deni langu, na nyie Wanyamwezi mnazika haraka haraka ili watani tusile. Nitakwenda kumwamsha."

Nilitaka dunia inimeze. Ngollo akamtazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akaanza kulia, kulia kwenyewe sasa, kwa mara ya kwanza. Akamwambia Maua, "Toka kitandani kwangu, mla nazi, hujui hata kufa vizuri." Wakapigana na mto. Jioni alikula.

Nilimwuliza Maua baadaye, hukuogopa? Akanishangaa. "Mimi ni mtani wake. Nisingesema ndiyo angesema namchukia." Anasema ni mambo ya zamani, wazee wa huku walipokuwa wanashuka Pwani na mizigo miezi na miezi, wakifia njiani kule Uzaramo, Wazaramo wenzake ndio waliowazika. Sijui historia yake sawasawa. Ninachojua ni kwamba Maua ndiye pekee anayeweza kumwambia Ngollo insha yake mbovu na Ngollo akaichana akaandika nyingine. Ningesema mimi tungenuniana muhula mzima.

Sasa nafikiri Mwalimu Lugembe siku ile, pale mezani, mabega yanatetemeka. Wewe ulimwona analia. Mimi sikuwepo. Lakini pengine alikuwa anacheka, au yote mawili. Na wewe ukawaandikisha barua.

Mlango ambao ukweli ulikuwa unapita hapo ofisini ulikuwa ni ule. Najua unajua utani ni nini, umekaa na Wanyamwezi maisha yako yote. Ndiyo maana sielewi kwa nini uliufunga. Kuna kitu hujaniambia.

Usinijibu kwa "haya". Tafadhali.

Esperansi


Igunga
13 Aprili 2024

Esperansi,

Sijapata barua yako yoyote tangu Februari na leo sina salamu nzuri. Ni mzima, watoto wazima. Naanza na hilo ulisome kwanza.

Jana saa nne, watoto wakiwa kwenye foleni ya uji, ukuta wa pembeni wa darasa la pili umelala chini wote. Ule upande ambao Lugembe alikuwa ameuacha wazi. Upande ambao mimi nilimrudishia madawati.

Madawati ya chini ya ukuta yamekuwa kuni. Nilisimama pale na vumbi lile jekundu likitua kwenye uji wa watoto, hakuna aliyelia, wote wananitazama mimi.

Nikamwuliza Lugembe, ulijua? Akasema ufa ulianza Februari. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Mwalimu Mkuu, mimi nimeshaandika barua moja ya kujieleza. Mke wangu hakulala siku ile. Nikaona nikisema ukuta, utaniuliza kwa nini sikusema mapema, nitaandika ya pili." Akaongeza, "Nikawa nawatoa nje. Nilikuwa nawatoa nje kila ninapoweza."

Najiat alikuwa pembeni ameshika vikombe vya watoto. Wote walijua. Wanane, wote.

Mungu alikuwa kwenye foleni ya uji.

Gaudensia


Itetemia
21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Nimesoma yako nikiwa nimesimama getini, Maua akanishika mkono.

Yangu umeipata? Nilimpa Raymundi tarehe nane. Anasema basi liliharibika likalala Nzega na yeye akasahau koti lake huko, barua ikiwa ndani. Nikamwambia ni muhimu, akaniambia, "Dada, barua za wanafunzi zote ni muhimu, hata za kuomba biskuti." Nilitaka kumpiga na sijawahi kumpiga mtu.

Hilo la basi ni la Raymundi. La kuikalisha barua yako chini ya godoro karibu mwezi ni langu. Nilichofuta Februari ningekiacha, labda ungezungumza na Mwalimu Lugembe kabla. Nawaza wale watoto. Nawaza kwamba nilijua kitu na nikakichimba kwa kalamu kwa sababu niliogopa sauti yako, na Mwalimu Lugembe naye alijua kitu na akawatoa watoto kuhesabu kokoto. Mimi na yeye hatujaonana lakini naona tumefanya jambo lilelile.

Usiponijibu nitaelewa.

Esperansi


Igunga
5 Mei 2024

Esperansi, mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Kula. Najua hujala. Halafu soma.

Barua yako ya tarehe saba Aprili ilinifikia tarehe ishirini na tatu, pamoja na koti la Raymundi, ambalo alinipa nimrudishie kifungo. Nimeisoma mara nyingi. Ule ukuta si wako. Mtoto wa kidato cha tatu hashikilii ukuta wa darasa la pili. Aliyepaswa kuuona ni mimi, nilikuwa napita hapo kila siku nimeinua kichwa.

Umesema kuna kitu sijakuambia. Kipo.

Nilipokuwa darasa la tano huko Urambo, baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta, aliyeingia nchi hii akikimbia vita vya kwao, alifariki. Nilirudi shuleni nimenyolewa. Wasichana wawili wakaniambia, "Mkimbizi kafa, sasa nani atamrudisha kwao, au tumfukue tumsindikize?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia mwalimu. Wakasema, "Tunamtania tu." Mwalimu akaniambia nisiwe mwepesi wa kulia. Nimekaa na hiyo miaka thelathini. Baba yako alikuwepo, alikuwa la tatu, muulize siku moja lakini si leo.

Na Najiat alichomwambia Lugembe siku ile, sasa naweza kuandika, ni hiki: "Umemzika mama bila kunipa kuku wangu? Kesho nakwenda kumfukua nimuulize mwenyewe." Esperansi, mimi sikuwa Igunga tena. Nilikuwa na miaka kumi na moja, kichwa kimenyolewa. Nilichopiga marufuku si maneno ya Najiat.

Wale wasichana hawakuwa watani wangu. Mtani kabla hajakutukana ameshakuzikia. Najiat, nimekuja kujua, alilala msibani kwa Lugembe siku tatu, akaosha masufuria. Sikuuliza. Nilimwandikisha barua.

Basi Jumatatu niliwaita wote. Nikatoa zile barua mbili kabatini nikawarudishia wenyewe, nikawaambia nilikosea na sababu ya kukosea nikawaeleza, fupi tu, mpaka hapo kwenye kunyolewa. Wakasikiliza. Wakasema "ahsante, Mwalimu Mkuu". Wakaondoka.

Nikadhani inatosha. Jumatano nikaona nisaidie. Lugembe akaingia na rundo la madaftari begani, nami nikasema kwa sauti ya kuchangamka, "Karibu mpagazi, Bagamoyo bado mbali?"

Kimya. Mwanangu, kimya kile! Kijiko kiligonga kikombe nikakisikia. Lugembe akashusha madaftari, akasema, "Niyaweke wapi, Mwalimu Mkuu?" Najiat akatazama dari. Hata kuku aliyekuwa mlangoni aliondoka.

Zimebaki wiki tatu na siku chache kufunga shule. Nimeanza kutafuta maneno ya kuomba kuvuliwa ukuu. Yanakuja kirahisi.

Gaudensia


Itetemia
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimekula. Nimelia kwa ajili ya kichwa chako kilichonyolewa, halafu nikafika kwenye kuku wa mlangoni, nikacheka mpaka matroni akaja na tochi. Nimewasomea Maua na Ngollo kipande hicho tu, mengine hapana. Maua ameshika kichwa. Anasema, "Mwambie shangazi yako asirudie, jamani! Utani hauvaliwi kama koti la mtu!" Ngollo anasema wewe huna mtani kwa Wanyamwezi wala kwa Wazaramo, na mtu asiye na mtani akitania anatukana tu. Nimeona niseme hivyohivyo walivyosema.

Mimi naongeza langu. Wao wana mlango wao, uache wapite. Wewe utafute wa kwako. Unajua kwa nini leo naandika bila kufuta? Kwa sababu nilikuambia umekosea na ukanijibu "mama yangu". Ungenijibu kwa busara ningerudi chini ya godoro. Pengine walimu wamesikia ukiomba msamaha, lakini hawajaona bado utafanya nini wakikuambia kitu usichokipenda. Kuomba msamaha ulichagua wewe. Hicho kingine watachagua wao. Wanapima, Shangazi. Mimi ningekuwa mmoja wao ningekuwa bado napima.

Basi ukiambiwa, usijieleze. Hata kama una sababu nzuri. Kaa nayo tu mdomoni kama peremende chungu.

Usiandike ile ya kuvuliwa kabla ya tarehe uliyojiwekea. Uliiweka mwenyewe.

Niliinua mkono kwenye Kiingereza. Nilikosea. Niko hai.

Esperansi


Igunga
26 Mei 2024

Esperansi,

Marahaba. Mvua zimekatika, mbuga inakauka, vumbi linaanza. Maua mwambie nimekoma. Bibi amepiga simu, goti limepoa, amenigombeza dakika nzima kwa kutopiga mimi. Unataka kujua kama nimeandika. Ngoja.

Ijumaa tulikuwa na kikao cha kufunga muhula. Jambo lilikuwa moja, darasa la pili litakaa wapi mpaka ukuta ujengwe. Nilikuwa na mpango, nimeukeshea wiki nzima, mzuri kabisa, kwamba watoto wale waje zamu ya mchana watumie chumba cha darasa la kwanza. Nikausoma. Nikauliza kama kuna kasoro. "Hamna, Mwalimu Mkuu." Kama kawaida.

Nikataka kufunga kikao, nikashindwa. Nikasema, "Mwalimu Lugembe, nilikuamuru urudishe madawati chini ya ukuta uliokuwa unaujua na mimi siujui. Leo naogopa kuamuru tena." Sikuwa nimepanga kusema hivyo, wala sikuwa nawapa mgongo. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Halafu Najiat akamgeukia Lugembe. "Haya, wewe, sema. Au mpaka tukutwishe mzigo ndipo midomo ifunguke?" Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama chai.

Lugembe akasema, "Nitasema huyu mcheza ngoma akishakaa chini." Akajikohoza. "Mwalimu Mkuu, ya mchana haifai. Watoto wale wadogo wanatoka ng'ambo ya mbuga. Wakitoka saa kumi na moja wanavuka pamoja na ng'ombe wanaorudi mazizini. Miaka miwili iliyopita mtoto alikanyagwa pale."

Najiat akadakia, na hakuwa anatania, wala mimi hakunitania, alinitazama usoni. "Na tena umetuletea limeshaamuliwa. Unatuuliza kasoro ya kitu kilichokwisha. Hapo umekosea."

Umekosea. Hakuweka hata "Mwalimu Mkuu" mbele yake kulainisha.

Iliniuma, mwanangu, nisikudanganye. Nilikuwa na majibu matatu. Nilikuwa na wiki nzima ya kukesha. Nikaishika peremende yako mdomoni, chungu kwelikweli, na nilipoona itanitoka kwa macho nikasema, "Nakuja," nikatoka. Nikaenda nyuma ya stoo. Nililia, kidogo, kwa kuumia na kwa kitu kingine ambacho sikijui jina lake. Nikanawa uso kwenye bomba la tangi.

Nikarudi. Toka uwanjani nilisikia wanabishana, mmoja anataka stoo igawanywe katikati, mwingine anasema stoo ina popo, Najiat anasema popo ni ndugu zake Lugembe wapumzike kwa amani, Lugembe anapiga meza. Nikafika mlangoni. Nikaweka mkono kwenye kitasa, na niseme ukweli, nilikaa hapo nimekishika, nikiogopa kukisikia kimya kile kwa mara ya mwisho.

Nikafungua nikaingia. Hakuna aliyenyamaza. Lugembe alinivutia kiti kwa mguu, bila kunitazama, akaendelea kubishana.

Shangazi yako, ambaye bado ni Mwalimu Mkuu,
Gaudensia